NGUO ZETU NA MACHO YA WATU

Nataka kusema juu ya jambo linalowasumbua vijana wengi wa Musaga na Bujumbura nzima, nalo ni nguo.

Siku za masomo hatuna taabu, kwa maana sare hutufanya sote kuwa sawa. Taabu huanza Jumamosi. Kijana husimama mbele ya lundo la mitumba, akaacha shati zima na imara, akashika lenye ukosi uliochakaa, kwa sababu tu lina jina la kampuni ya Ulaya kifuani. Ukimwuliza, hujibu ati amechagua mwenyewe. Mimi nasema siye aliyechagua, bali ni macho ya rafiki zake.

Wataalamu wamelichungua jambo hili. Mwaka 2012 Hajo Adam na Adam Galinsky, huko Marekani, waliwavisha watu koti jeupe. Walioambiwa ni koti la daktari walikuwa waangalifu zaidi kuliko walioambiwa ni la mpaka rangi, na koti lilikuwa lile lile! Kweli, mwaka 2019 wengine walirudia sehemu ya jaribio hilo wasipate matokeo yale. Lakini kwamba mtu huvaa jina pamoja na nguo, sokoni kwetu twaliona kila wiki.

Sisemi kwamba kuvaa kwa ajili ya macho ya watu ni vibaya. Mama zetu huvaa imvutano arusini, na hilo ni jema, kwa kuwa wanawaheshimu wenye arusi. Ubaya ni kuvaa ili mwenzako ajione duni. Wako wanaokosa mdahalo au arusi ya ndugu kwa haya ya viatu. Wako wanaodai viatu vya jina kwa wazazi, na ada haijalipwa. Wengine huazima, na wahenga walinena: cha kuazima hakistiri matako.

Basi, wenzangu, kabla ya kutoa fedha tujiulize: kama jina hili lingefutwa, ningeinunua nguo hii? Nanyi wanafunzi wa zamani, mjapo kututembelea, msisifu viatu vyetu kabla ya kutuuliza habari za masomo, maana twawatazama ninyi kuliko mnavyodhani. Shati safi lililopigwa pasi ya mkaa latosha kumsimamisha mtu mbele ya watu wowote.