Mota ya geti imekufa leo, bajeti ilikufa zamani

Wadau, leo siandiki kuhusu Bunge wala vigogo. Leo zamu yetu sisi wenyewe: vijana tuliosoma, tunaopanga kwenye zile nyumba za Dar zenye uzio, vigae vya kuteleza na geti la umeme. Mada ni mota ya geti. Ndiyo, mota ya geti. Usiondoke kwanza, maana humu ndani kuna bajeti, kuna siasa, na kuna roho za watu.

Hadithi ni ile ile, uwe Sinza, Tabata au Mbezi Beach. Mota inakufa. Mwenye nyumba anapigiwa simu, anakuja na fundi maiko wake, yule yule aliyefunga dishi na kuzibua choo. Fundi anafungua mfuniko, anatikisa kichwa, anatoa hukumu: "Imeungua hii, bosi." Kwenye kundi la WhatsApp la wapangaji inatupwa namba moja tu, bei ya mota. Mmoja anasema hiyo ni kazi ya mwenye nyumba. Mwingine anasema yeye hana gari, haimhusu. Wa tatu amesoma ujumbe na kuuchuna. Wiki inakatika, mwezi unakatika, na geti linaendelea kufunguka kama kawaida.

Linafungukaje? Mlinzi analisukuma.

Hapo ndipo ninapopandisha hasira. Geti la chuma la mita nne, saa kumi na moja alfajiri honi ya kwanza, saa sita usiku honi ya mwisho, na huyo mzee au kijana aliajiriwa kulinda, si kuwa injini. Kwenye kundi lote la wasomi hakuna aliyeandika mstari wa posho ya mlinzi. Tumeokoa pesa ya mota kwa kuipakia gharama kwenye mgongo wa mtu ambaye hata kwenye kundi hatukumuunga. Halafu mchana tupo mtandaoni tunailaumu serikali kwamba ikibana matumizi inawabana wanyonge. Jamani! Usanii mtupu.

Nadai hivi: bajeti yenye mstari mmoja wa "bei ya mota" si bajeti, ni danganya toto. Kazi yangu ya gazetini imenifundisha kwamba ukweli wa bajeti yoyote unaupata kwenye kile kilichoachwa. Basi tuangalie kinachoachwa.

Kwanza, geti lenyewe. Kabla hujanunua chochote, zungusha ule ufunguo wa dharura unaotenganisha mota na geti, kisha lisukume kwa mkono. Likienda kwa shida, ugonjwa upo kwenye magurudumu, beringi na reli iliyojaa mchanga, na kwa sisi wa pwani kuna kutu ya hewa ya chumvi juu yake. Ukifunga mota mpya kwenye geti zito, umenunua maiti nyingine kwa mkopo. Wamarekani wenye milango ya gereji inayopanda juu wana kanuni hiyo hiyo: uzito wa mlango unabebwa na springi, mashine inaongoza tu. Springi ikikatika, kubadilisha mashine ni kupaka rangi nyumba inayobomoka. Kwa hiyo matengenezo ya geti yawe mstari wa kwanza.

Pili, umeme. Tunaishi nchi iliyopita kwenye mgao wa 2006, wa 2011, na ule wa mwishoni mwa 2023. Mara nyingi kinachoua saketi ya mota ni umeme unaporudi kwa kishindo. Kifaa cha kukinga mshtuko wa umeme na waya wa ardhi uliofungwa sawasawa ni vitu vidogo ukilinganisha na saketi mpya, lakini ndivyo vya kwanza kukatwa. Kuna na betri: mota nyingi za kisasa zina betri ya kuendesha geti umeme ukikatika, na betri hiyo huchoka miaka mingi kabla ya mota. Asiyeiweka kwenye hesabu atakuja kusema "mota mbovu" wakati kilichokufa ni betri.

Tatu, rimoti. Kila mpangaji aliyehama ameondoka na yake? Basi geti lenu lina funguo mtaani. Zile rimoti za namba isiyobadilika zinanakiliwa kirahisi. Zipo ambazo hubadilisha namba kila unapobonyeza. Wekeni pesa ya rimoti za kutosha, na siku ya kubadilisha mota futeni zote za zamani.

Nne, na hapa naomba usome taratibu: macho ya usalama. Yale macho mawili yanayotazamana pande mbili za geti, kitu kikikatiza katikati geti linasimama au linarudi. Fundi atakwambia, "Hayo siyo lazima, bosi, tupunguze bei." Na bosi anafurahi! Marekani walizika makumi ya watoto waliobanwa chini ya milango ya gereji ndipo Bunge lao likapitisha sheria mwaka 1990. Mashine za nyumbani zilizotengenezwa kuanzia tarehe 1 Januari 1993 zikalazimika kuwa na kinga ya ziada ya kuzuia mtu asibanwe, na kinga iliyozoeleka ni macho hayo hayo, tena yafungwe karibu kabisa na sakafu, kwa sababu anayelala au kutambaa chini ya mlango ni mtoto. Sisi tunakifungua kitu hicho kwenye boksi na kukirudisha dukani ili tupate punguzo. Watoto wa uani wanacheza rede pembeni ya geti linalojiendesha lenyewe. Hiyo siyo kubana matumizi. Hiyo ni kamari, na dau ni mtoto wa jirani.

Tano, njia ya kutokea mashine ikigoma. Oktoba 2017 moto uliteketeza maeneo ya kaskazini mwa California. Umeme ulikatika, na kuna watu, wazee hasa, walioshindwa kufungua milango ya gereji zao wakafa. Jimbo likatunga sheria mwaka 2018, ikaanza kazi tarehe 1 Julai 2019: hakuna kuuza wala kufunga mashine ya mlango wa gereji ya nyumbani isiyo na betri ya akiba. Hata ukibadilisha mlango peke yake, huruhusiwi kuuunganisha na mashine ya zamani isiyo na betri. Maana yake mtu wa kule anayepanga bajeti ya mlango analazimika kuweka na pesa ya mashine. Sheria imemkataza kujidanganya.

Sasa niambie, kwenye jengo lako ufunguo wa dharura wa geti uko wapi? Kwenye majengo mengi uko kwa mwenye nyumba, naye anakaa mbali. Ukitokea moto saa nane usiku, geti limegoma, ukuta una vipande vya chupa juu, utatokea wapi? Kuchonga funguo mbili za ziada, moja kwa mlinzi, moja kwa mpangaji, ni bei ya soda chache. Haimo kwenye bajeti yoyote niliyowahi kuona.

Tuje kwenye nani alipe. Msimamo wangu: mota ni sehemu ya jengo kama lilivyo bati. Mwenye nyumba alitangaza "geti la umeme" alipopanga kodi, basi mota mpya na usalama wake ni wake. Wapangaji wabebe vya matumizi: betri, grisi, rimoti waliyopoteza. Na yaandikwe kwenye mkataba kabla ya kulipa ile kodi ya miezi sita, maana ukishalipa umeshanyamazishwa.

Mkikubaliana kuchangia wote, basi msisubiri kifo. Tufanye hesabu ya mfano, si bei ya duka. Tuseme kazi nzima, mistari yote mitano, ni shilingi 2,400,000, na mnataka mota idumu miaka 8. Hiyo ni miezi 96, yaani shilingi 25,000 kwa mwezi. Mkiwa familia tano, ni 5,000 kila moja. Elfu tano! Kuna watu wanamaliza zaidi ya hapo kwenye bando la wiki. Kaskazini, Kusini na Kanda ya Ziwa wote wanajua jinsi taifa lilivyojifunza somo hili kwenye barabara: zilijengwa, zikaachwa zikaoza, hadi ukaundwa Mfuko wa Barabara unaochota tozo kwenye lita ya petroli na dizeli ili matengenezo yawe na pesa yake. Kama nchi iliweza, familia tano zinashindwa nini?

Najua kuna mdau atasema: "Bwana, watu hawana maji, wewe unaongelea mageti ya umeme!" Sawa kabisa. Lakini wenye mageti hayo ndio mameneja, wahasibu na maofisa mipango wa kesho. Mtu anayeweza kukaa mwaka mzima akimwangalia mzee anasukuma geti ili yeye asitoe elfu tano, ukimpa wizara ataiendesha hivyo hivyo. Atanunua mashine ya hospitali bila pesa ya kuitengeneza, atakata mstari wa usalama kwa sababu "siyo lazima", na mgongo wa kusukumia utapatikana tu, kwani wanyonge hawaishi.

Kwa hiyo leo jioni, ukipiga honi na geti likafunguka, shuka kwenye gari. Muulize mlinzi mambo matatu: hili geti ni zito kiasi gani, macho yake yanafanya kazi, na ufunguo wa dharura uko wapi. Majibu yake yaandike kwenye kundi, na chini yake andika jina lako na elfu tano yako.

Naomba kutoa hoja.