Mti Peke Yake Haujawa Dawa

Imeenea Afrika Mashariki imani kwamba mti wenyewe ndio dawa, na kwamba mtaalamu wa maabara hafanyi lolote zaidi ya kuutia kwenye chupa, kuupa jina la kigeni na kuupandisha bei. Kulamawe, mji mdogo wa wafugaji ulio kando ya barabara itokayo Isiolo kuelekea Garba Tulla, haukuepukana na imani hiyo. Kwa kuwa huonekana kama utetezi wa heshima ya wazee, ni wachache wanaodiriki kuipinga hadharani. Lakini ni imani potofu, na wa kwanza kuumizwa nayo ni wale wale inaodai kuwatetea.

Mfano ulio karibu zaidi ni wa manemane, utomvu wenye harufu unaoganda kwenye magome ya baadhi ya miti ya jenasi ya Commiphora, ambayo pamoja na miti ya ubani huota katika nyika ya Isiolo na kuwapatia wafugaji riziki ya ziada wakati wa ukame. Mwaka 1996 watafiti wa Italia walichapisha katika jarida la Nature ushahidi kwamba viambata fulani vya manemane, yaani kemikali mahususi zilizomo ndani yake, hupunguza maumivu kwa panya, na wapo ambao wangeishia hapo na kutangaza kwamba kazi imekwisha. Huko Misri, miaka michache baadaye, manemane ilitengenezwa kuwa vidonge vilivyouzwa kwa jina la Mirazid kama tiba ya kichocho, na majaribio ya awali yakadai kwamba zaidi ya wagonjwa tisa kati ya kumi walipona. Watafiti wengine walipoyarudia na kuilinganisha na prazikwanteli, dawa ya kawaida ya ugonjwa huo, waliopona walikuwa wachache mno. Manemane ilikuwa ile ile, na sifa zake za maelfu ya miaka zilikuwa zile zile. Kilichokosekana ni uthibitisho kwamba inaua minyoo ya kichocho, na umri wa mila, hata uwe mrefu kiasi gani, hauzibi pengo hilo.

Hata pale nguvu ya mmea isipotiliwa shaka, safari haijaisha. Katika miaka ya 1970 Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani ilikusanya zaidi ya tani 27 za mmea uitwao Maytenus buchananii kutoka Shimba Hills, Kwale, kwa ajili ya maitansini, kiambata kilichokuwa kimegunduliwa mwaka 1972 katika mmea wa jamii hiyo kutoka Ethiopia, na ambacho huzuia seli zisigawanyike. Kiliua seli za saratani, lakini kiliwadhuru wagonjwa vibaya kiasi kwamba majaribio yaliachwa. Ilibidi wanasayansi wakibadilishe na kukiunganisha na kingamwili, yaani protini inayokipeleka moja kwa moja kwenye seli ya saratani, ndipo mwaka 2013 Marekani ikaidhinisha dawa ya saratani ya matiti iitwayo trastuzumab emtansine. Na malighafi ya dawa hiyo sasa hutokana na bakteria wanaokuzwa kwenye matangi, si na mti wowote wa Kwale. Anayeamini kwamba thamani yote imo ndani ya mti na aeleze ni nini kinachombakia mwenye msitu siku mti unapoacha kuhitajika.

Wazee wenyewe hawakuwa na imani nyepesi kiasi hicho. Waata, wawindaji walioishi bega kwa bega na Waborana, wafugaji wa eneo hilo, walijua kupika sumu ya mishale kutokana na miti ya Acokanthera, na walijua kwamba tone lisilopimwa huua. Kiambata cha sumu hiyo, wabaini, kilikuja kutumika Ulaya kutibu moyo dhaifu, kikidungwa kwa vipimo vidogo sana. Ujuzi wa aina hiyo, wa sehemu gani ya mti, msimu gani, kiasi gani na kwa nani, ndio urithi wenye thamani, na ndio unaofutwa na kauli kwamba cha asili hakidhuru.

Kenya ilipitisha mwaka 2016 sheria ya kulinda maarifa ya jadi, na Itifaki ya Nagoya, mkataba wa kimataifa wa kugawana manufaa ya rasilimali za viumbe, imekuwa na nguvu tangu 2014. Vyombo hivyo vinamsaidia anayeweza kuonyesha alichokijua, si anayeonyesha mti tu. Kaunti ya Isiolo haina budi kuandikisha ujuzi wa wazee wa Kulamawe kwa ridhaa yao na kwa jina la jamii, kuupeleka KEMRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa tiba, au chuo kikuu upimwe kwa sumu na kwa kipimo, na kutia saini mkataba wa mgawo kabla gunia moja la utomvu halijatoka kwa ajili ya utafiti.