Mashtaka ya Hila: Je, Mlinzi wa Mazingira Naye Ashtakiwe?

Tangu Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya mwaka 1999 ianze kutekelezwa Januari 2000, mijadala yetu kuhusu Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira, NEMA, imekuwa ya upande mmoja. Inapozembea, twailaumu kwamba imelala. Inapofunga kiwanda, twaishangilia kwamba imeamka. Swali ambalo aghalabu halizuki ni hili: itakuwaje iwapo Mamlaka hiyo, au nyingine yoyote ya aina yake, itampeleka kizimbani mtu asiye na hatia, tena kwa nia isiyohusiana na mazingira hata chembe? Mtu huyo akishaachiliwa, je, anaweza kuigeukia Mamlaka na kuidai fidia?

Kisheria, anaweza. Ninashikilia katika makala haya kwamba mlango huo sharti ubaki wazi, ijapokuwa uwe mwembamba kama ulivyo. Ninashikilia pia kwamba sisi tunaojifunza na kufundisha Kiswahili tuna la kusema kuhusu jambo hili, wala tusiwaachie mawakili peke yao, kwa sababu kesi zote za aina hii husimama au huanguka kwa neno moja.

Neno lenyewe ni lipi? Dai hili tulilirithi kutoka katika sheria ya Uingereza, na hadi leo hatujaafikiana jina lake. Wapo wasemao ‘mashtaka ya uongo’, wapo wasemao ‘mashtaka ya chuki’, na wapo wanaopendelea ‘mashtaka ya nia mbaya’. Istilahi ya kwanza inapotosha kabisa. Shtaka laweza kuwa la uongo, kwa maana kwamba mshtakiwa hakutenda kosa, na bado aliyelifungua akawa ameliamini kwa moyo mkunjufu. Huyo amekosea, hakufanya uovu. Istilahi ya pili nayo haitoshi. Mkaguzi wa mazingira anaweza kumchukia mwenye kiwanda anayemwaga maji taka mtoni usiku, na chuki hiyo isiharibu shtaka lake, maadamu lengo lake ni sheria ifuate mkondo. Kinachochunguzwa na mahakama ni kama mashtaka yalitumiwa kwa shabaha ambayo mashtaka hayakuwekewa: kulipiza kisasi, kuvunja biashara ya mtu, kuficha jambo, kushinikiza mlungula. Kwa hiyo napendekeza ‘mashtaka ya hila’. Hila ina ndani yake ujanja na kusudi, na kusudi ndicho kiini cha dai lenyewe. ‘Nia mbaya’ ingefaa, ila ni pana mno. Kila mshtakiwa huamini kwamba aliyemshtaki ana nia mbaya.

Mahakama za Afrika Mashariki zimeyaweka masharti ya dai hili wazi kwa zaidi ya miaka hamsini. Katika kesi ya Mbowa dhidi ya Utawala wa Wilaya ya Mengo Mashariki, iliyotoka Uganda na kuamuliwa na Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki mwaka 1972, na katika kesi ya Murunga dhidi ya Mwanasheria Mkuu iliyoamuliwa nchini Kenya mwaka 1979, mdai alitakiwa kuthibitisha mambo manne: kwamba mdaiwa ndiye aliyeyaanzisha mashtaka, kwamba mashtaka yalikwisha kwa kumpendelea mdai, kwamba hapakuwa na sababu ya maana ya kumshtaki, na kwamba mdaiwa aliongozwa na hila. Yote manne, si matatu. Mzigo wa kuyathibitisha ni wa mdai.

Hapa ndipo mwananchi wa kawaida na sheria hupoteana. Sisi husema, lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Yaani aliyeshtakiwa hakosi doa. Kisha akiachiliwa twageuka upande wa pili na kusema kwamba kumbe alisingiziwa. Sheria haikubali kauli hizi zote mbili. Kuachiliwa kwaweza kutokana na shahidi aliyekosa kufika au sampuli iliyopotea. Kushinda kesi ya jinai hakumaanishi kwamba kesi ya fidia nayo imeshindwa na Mamlaka. Katika kesi ya Kagane ya mwaka 1969, kipimo kilichotumiwa kilikuwa cha mtu wa kawaida mwenye busara na tahadhari: je, kwa ushahidi uliokuwa mkononi mwa mshtaki wakati ule, mtu kama huyo angeridhika kwamba huenda mshtakiwa ana hatia? Msisitizo uko kwenye ‘wakati ule’. Haulizwi alichokijua baada ya hukumu.

Kwa mashtaka ya mazingira kipimo hiki kina uzito wa pekee, kwa sababu ushahidi wake mara nyingi hauonekani kwa macho. Mwizi wa ng’ombe hukutwa na ng’ombe. Anayedaiwa kuchafua maji hukutwa na chupa ya maji iliyopelekwa maabara, na karatasi ya tarakimu ambazo mshtakiwa, hakimu na pengine kiongozi wa mashtaka mwenyewe hawawezi kuzisoma bila msaada. Mwenye karatasi hiyo ndiye mwenye kesi. Akiificha, akiipunguza, au akiisoma kinyume, hakuna jirani atakayesema kwamba alimwona ng’ombe.

Mfano ulio wazi kuliko yote niijuayo unatoka Marekani. Mwaka 1996 maafisa wenye silaha walivamia kiwanda kidogo cha kusafisha mafuta huko Church Point, jimbo la Louisiana. Uchunguzi uliongozwa na afisa wa Shirika la Kulinda Mazingira la nchi hiyo. Mwaka 1999 meneja wa kiwanda alishtakiwa kwamba alihifadhi taka hatari bila kibali. Mashtaka yalimning’inia kwa takriban miaka minne, kisha mwaka 2003 serikali ikayaondoa kabla hayajasikizwa. Meneja akaishtaki serikali. Septemba 2011 Jaji Rebecca Doherty alimpa yeye na mkewe fidia ya zaidi ya dola milioni 1.6, baada ya kupata kwamba hapakuwa na msingi wa kumshtaki na kwamba hila ilikuwapo. Hila gani? Afisa yule alikuwa na uhusiano wa kimapenzi na afisa mwenzake aliyeshiriki katika uchunguzi, ilhali yeye alikuwa na mke. Mahakama iliona kwamba uchunguzi ulitumiwa kuwa pazia na kisingizio cha uhusiano huo. Afisa alipoulizwa chini ya kiapo akakana. Baadaye akakiri mashtaka ya kusema uongo chini ya kiapo na ya kuzuia haki. Mazingira ya Louisiana hayakupata chochote katika hayo yote.

Inafaa kukumbuka kwamba meneja huyo asingeweza hata kufungua kesi yake kama Bunge la Marekani lisingebadilisha sheria mwaka 1974. Kabla ya hapo serikali kuu ya nchi hiyo haikuweza kudaiwa kwa mashtaka ya hila. Badiliko lilikuja baada ya maafisa wa dawa za kulevya kuvamia nyumba za watu wasiohusika huko Collinsville, Illinois, mwaka 1973. Mtego wa panya ulinasa waliokuwemo na wasiokuwemo, na wasiokuwemo hawakuwa na pa kulalamikia.

Turudi nyumbani. Watetezi wa mazingira watauliza, na wana haki ya kuuliza, iwapo mlango huu hautawafaa matajiri zaidi ya wanyonge. Mwenye kiwanda ana mawakili watano. Mkaguzi wa kaunti ana pikipiki na mshahara usiofika mwisho wa mwezi. Barua moja tu yenye maneno ‘tutakudai fidia’ yatosha kumfanya afunge faili. Isitoshe, historia yetu inaonyesha kwamba dhambi kubwa ya wasimamizi imekuwa kunyamaza, wala si kushtaki kupita kiasi. Katika kijiji cha Owino Uhuru, Mombasa, wakazi walidhurika kwa risasi ya kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu. Phyllis Omido, aliyeongoza wakazi kupinga kiwanda hicho, ndiye aliyekamatwa mwaka 2012 na kushtakiwa kwa uchochezi, kisha mahakama ikamwachilia. Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3, na NEMA ilikuwa miongoni mwa waliopatikana na lawama, ijapokuwa hukumu hiyo ilikatiwa rufaa.

Pingamizi hili lina nguvu, lakini linathibitisha kinyume cha linachokusudia. Aliyekalia kizimba katika kisa cha Mombasa hakuwa mchafuzi. Mashtaka ni silaha, na silaha hutwaliwa na aliye karibu nayo. Kinga dhidi ya mashtaka ya hila basi haimhusu mwenye kiwanda peke yake. Inamhusu mwanaharakati na mchuuzi pia. Na mkaguzi mwaminifu analindwa na masharti yale yale manne. Akiwa na sampuli, akiwa na rekodi ya nani aliichukua, lini, na ilipimwa wapi, hata akishindwa kesi hatadaiwa akadaika. Kosa la kweli halilipiwi.

Kuna wanaojibu kwamba sheria ya mazingira ina kanuni ya tahadhari, na kwamba kanuni hiyo inamruhusu msimamizi kutenda kabla sayansi haijakamilika. Ni kweli kwamba kanuni hiyo imo katika Sheria ya 1999, na ni kanuni njema. Mto ukishakufa haufufuki kwa hukumu. Lakini hapa pana mchanganyiko wa mambo mawili ambao sharti tuutenganishe. Tahadhari inaruhusu agizo: simamisha kazi, rejesha mazingira yalivyokuwa, toa maelezo. Sheria inayatambua maagizo hayo, na aliyeudhika ana siku 60 za kukata rufaa mbele ya baraza lililoundwa na Sheria hiyo hiyo. Hati ya mashtaka ya jinai ni kitu kingine. Humtia mtu alama, humnyang’anya pasipoti, humfukuzisha kazi. Msimamizi aliye na shaka ya kweli atoe agizo. Mtu asipelekwe kizimbani kwa shaka, kisha mahakamani pasemwe kwamba ilikuwa tahadhari.

Swali la nani hasa ashtakiwe nalo limepata sura mpya. Sheria ya 1999 iliwapa wakaguzi wa mazingira uwezo wa kuendesha mashtaka, lakini Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 157, iliuweka uwezo wa kushtaki chini ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma na kumtaka azingatie maslahi ya umma na kuepusha matumizi mabaya ya sheria. Basi Mamlaka yaweza kusema: si sisi tulioshtaki. Sidhani jibu hilo lifue dafu kila mara. Anayempelekea kiongozi wa mashtaka nusu ya ukweli ndiye aliyeyaanzisha mashtaka, hata kama sahihi ya mwisho si yake. Mdai naye asilale: dai la aina hii dhidi ya Serikali sharti lifunguliwe katika muda wa miezi 12.

Nimeliacha nyuma jambo linalotuhusu zaidi sisi. Tangu tarehe 28 Agosti 2017, aliyepatikana na mifuko ya plastiki iliyopigwa marufuku anakabiliwa na faini ya kati ya shilingi milioni 2 na milioni 4, au kifungo cha kati ya mwaka mmoja na miaka minne. Mfikirie mchuuzi wa mboga anayesomewa shtaka hilo. Katika mahakama za chini Kiswahili kinaruhusiwa sawa na Kiingereza, na Katiba inampa mshtakiwa haki ya kuelezwa shtaka lake kwa ukamilifu na kupata mkalimani bila malipo. Hata hivyo, hati yenyewe huandikwa kwa Kiingereza na hufasiriwa papo hapo na karani, kwa istilahi anazozibuni akiwa amesimama. Mchuuzi huambiwa kwamba akikubali atahurumiwa. Anajibu, “Ni kweli.” Huenda mifuko ilikuwa ya aina iliyoruhusiwa; huenda haikuwa yake; huenda askari aliyemkamata alikuwa na kisa naye cha mwezi uliopita. Yote hayo hayatachunguzwa. Sharti la pili kati ya yale manne, kwamba mashtaka yamalizike kwa kumpendelea mdai, limekwisha kufa kwa maneno yake mawili.

Mwenye kiwanda hatasema “Ni kweli” kabla ya kumpigia wakili simu. Kwa hiyo haki hii, jinsi ilivyo leo, humfikia kwanza yule anayeihitaji kidogo. Wanafunzi wa tafsiri katika vyuo vyetu huandika tasnifu kila mwaka kuhusu istilahi za kompyuta na za benki. Makosa yaliyomo katika Sheria ya Mazingira yanahesabika. Hati zake za mashtaka zingeweza kutafsiriwa, kujadiliwa na walimu wetu pamoja na mahakimu, na kuwekwa mikononi mwa makarani kabla ya muhula ujao kwisha. Wa kwanza atakayeifanya kazi hiyo aanze na shtaka la mifuko ya plastiki, kisha aje tubishane kama ‘hila’ ndilo neno.