MACHO YA MTOTO SI MAHALI PA KUJARIBIA MAJANI

Ndugu wanaushirika na wanakijiji,

Leo siandiki habari za kahawa. Naandika juu ya macho ya watoto wachanga, maana hapa kwetu Makumira mtoto akitokwa machozi kila mtu anakuwa mganga. Huyu anasema ni kijicho cha watu, yule analeta maji ya majani, mwingine anasema akamuliwe maziwa ya mama.

Hata mimi nilikuwa hivyo. Mjukuu wangu wa wiki 3 alikuwa na jicho la maji kutwa, asubuhi limegandana kwa tongotongo. Nikaamuru majani yaletwe. Mkamwana akakataa, akambeba mtoto akaenda kliniki. Nilikasirika, lakini haki ilikuwa yake.

Alielezwa hivi: machozi hupita katika kifereji chembamba toka kona ya jicho hadi puani. Watoto wengine huzaliwa kifereji hicho bado kimezibwa na kingozi. Ni kama mfereji wetu wa shamba ukiziba, maji yanafurika juu. Kwa watoto wengi hufunguka chenyewe kabla ya kutimiza mwaka 1.

Kazi yetu ni ndogo. Nawa mikono kwa sabuni. Futa jicho kwa kitambaa safi na maji yaliyochemshwa yakapoa. Kisha kandamiza polepole kona ya jicho kwa kidole, ukishuka kando ya pua, kama mara 10, mara chache kwa siku. Mwaka ukipita bado, daktari wa macho ataweza kukizibua.

Lakini jicho likiwa jekundu, likivimba, likitoa usaha mwingi, hasa kwa mtoto wa siku chache, au mboni ikiwa na ukungu, au mtoto akikimbia mwanga, basi usingoje kesho. Nenda zahanati siku hiyo hiyo. Wakishindwa watakuandikia uende mbele, hata KCMC Moshi.

Mtasema wazee wetu walitumia majani. Kweli, na baadhi yao tuliwaongoza kwa fimbo. Mfereji ulioziba hauzibuliwi kwa kumwaga matope. Majani yanaunguza jicho, na kovu lake halifutiki.

Akina baba, hili si la akina mama peke yao. Mama akisema anakwenda kliniki, mpe nauli, usimpe amri kama nilivyofanya mimi.

Ni mimi,
Katibu wa Tawi,
Makumira.