Mawazo ya Mwanafunzi: Jirani Yangu Anakaa Chini ya Mlima



Juma hili sitawahubiria, kwani kuhubiri ni kazi ya mapadri wetu. Wala sitamlaumu mtu kabla sijajilaumu mwenyewe. Nataka kuwasimulia habari ya chupa moja tupu, kisha tufikiri pamoja maana ya kukaa wengi katika mji mmoja.

Sisi watu wa Bukavu tunalijua giza. Jioni moja nilikuwa mezani nikijitayarisha kwa mtihani wa taifa, maana huu ndio mwaka wangu wa mwisho wa sekondari. Nilikuwa katikati ya hesabu ngumu, mara taa ikazimika. Nikakasirika, nikasema maneno mabaya juu ya wafanya kazi wa umeme: kwamba ni wavivu, na kwamba mishahara yao wanaila bure. Baba alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza: «Mwanangu, wewe umekwisha kufika pale umeme unapotoka?» Sikuwa na jibu. Nimezaliwa katika mji huu, lakini sijafika hata siku moja.

Basi Jumamosi iliyofuata nikafuatana na mjomba mpaka mtoni. Njiani akanifundisha jambo ambalo nilikuwa nimelisoma shuleni bila kulifikiri. Ziwa Kivu hupokea maji ya vijito vingi, vya upande wa Kongo na vya upande wa Rwanda, lakini lina mlango mmoja tu wa kutokea, nao uko hapa kwetu: ni mto Ruzizi. Mto huo huteremka kwa nguvu kwenda ziwa Tanganyika. Kwa sababu ya mteremko ule, mwishoni mwa miaka ya 1950 palijengwa baraji ya kwanza, yenye nguvu ya karibu megawati 30. Mwaka 1989 ikafuata baraji ya pili, chini ya ile ya kwanza, na umeme wake hugawanywa kati ya Kongo, Rwanda na Burundi.

Tulipofika karibu na baraji ya kwanza, nilisimama nikashangaa. Mahali pengine maji hayakuonekana kabisa. Palikuwa na chupa, mifuko, viatu vya plastiki, mikebe, na vitu vingine ambavyo sitavitaja hapa. Watu walikuwa ndani ya mashua wakizoa takataka zile kwa mikono. Mjomba akanieleza kwamba plastiki ikijaa mbele ya vyuma vinavyolinda mashine, maji hayapiti vizuri. Nyingine huzama mpaka chini, ikawalazimu wazamiaji kuingia majini kuitoa. Na ikipenya mpaka ndani, mashine husimama, nao mji huingia gizani.

Ndugu zangu, hapo niliona haya. Watu niliowaita wavivu walikuwa wamezungukwa na takataka zangu mimi.

Nasema «zangu», kwani juma lile lile nilikuwa nimenunua kinywaji wakati wa kutoka shuleni, na chupa yake nikaitupa katika mfereji ulio mbele ya nyumba yetu. Sisi tunakaa Kadutu, mlimani. Mvua ikinyesha, mfereji hupeleka vitu katika kijito cha Kawa, Kawa hupeleka ziwani, na ziwa hupeleka Ruzizi. Nilipoitupa chupa ile nilisema moyoni kwamba nimeitupa huko. Lakini huko ni wapi? Huko ni nyumbani kwa mtu mwingine, na mara nyingi mwisho wake ni nyumbani kwangu mimi mwenyewe.

Taa ya mwanafunzi ni jambo dogo. Umeme ukikatika, kinu cha kusaga mihogo husimama, na mama aliyeacha watoto na njaa hungoja mlangoni na kikapu chake. Samaki wa yule anayeuza samaki wa barafu huanza kuharibika. Fundi wa kuunganisha vyuma hukaa bure, na jioni hana faranga za kupeleka kwake. Mkunga huwazalisha mama zetu kwa mwangaza wa simu. Tena, kwa kuwa mto hauna mpaka kama nchi, uchafu unaoponyoka kwetu huteremka kwenda kuwatesa jirani zetu wanaotumia maji yale yale.

Najua wasomaji wengine watanijibu: «Tuzitupe wapi?» Hilo ni swali la haki. Nyumba zetu zimebanana mlimani, wala hazina nafasi ya kuchimba shimo. Bomba hukauka, na mtu mwenye kiu hununua maji ya chupa au ya mfuko. Serikali ilitoa amri tarehe 30 Desemba 2017 ya kukataza mifuko ya plastiki, isitengenezwe, isiingizwe nchini, isiuzwe wala isitumiwe. Amri ilisomwa, lakini mifuko ikabaki sokoni. Wenye madaraka wana deni kwetu: mahali pa kuweka takataka na magari ya kuziondoa. Tusiache kulidai deni hilo. Lakini deni lao halifuti deni langu.

Wengine watasema: «Mji wetu umeingiliwa na vita tangu Februari 2025, na wewe unatuletea habari za chupa?» Nimelifikiri neno hilo sana, kwani hata katika ukoo wetu tumelia. Jibu langu ni hili: siku za taabu ndizo siku ambazo mtu humhitaji zaidi jirani yake. Mambo mengi makubwa hayamo mikononi mwetu. Mfereji ulio mbele ya mlango wangu umo mikononi mwangu.

Wazee wetu wanaikumbuka Salongo, kazi ya pamoja iliyoamriwa wakati wa Mobutu. Wengi wanaikumbuka kwa uchungu, kwa sababu waliifanya kwa kuogopa adhabu. Ndiyo maana hata sasa mtu akiitiwa kazi ya mtaa, hutafuta njia ya kujificha. Kazi ya hofu haikai moyoni. Lakini sisi Wakristu tumepewa njia nyingine. Mwaka 1961 maaskofu wa Kongo walichagua kwamba Kanisa letu lijengwe juu ya jumuiya ndogo zilizo hai, yaani watu wa jirani wanaojuana kwa majina na kusaidiana. Ndizo hizi shirika zetu. Ndani yake tunasoma Injili, tunawachangia wagonjwa, tunawalilia wafu wetu pamoja. Kwa nini tusiutazame na mfereji wetu pamoja?

Nilileta neno hilo katika shirika letu, nikitetemeka, maana kijana huona woga kusema mbele ya baba na mama wa watu. Tukakubaliana hivi: gunia moja kwa kila nyumba kumi, la chupa na mifuko tu. Jumamosi vijana wawili hulibeba mpaka kwa wale watu wa mji wetu wanaogeuza plastiki kuwa vikapu na matofali ya kupanga njiani. Juma la kwanza wengine walitucheka, wakatuita watoza takataka. Tukapata magunia matatu.

Jumamosi ile nilimkuta mama mmoja mzee, mjane, akifagia mfereji na ufagio wake mwenyewe. Katika gunia hakuwa na chupa hata moja ya kutia, kwani hana faranga za kununua kinywaji. Nikamwambia: «Mama, wewe pumzika, takataka hizi si zako.» Akacheka, akanionyesha mlango wake. Yeye ndiye anayekaa chini kabisa ya njia yetu. Kila mvua inaponyesha, uchafu wetu sisi tunaokaa juu huingia nyumbani mwake. Amekaa pale miaka mingi, nasi tunasali naye katika shirika moja. Tulimsalimu kila Dominika, lakini hakuna aliyepata kumwuliza habari ya mlango wake.

Katika Injili mtu mmoja alimwuliza Bwana jirani yake ni nani. Mimi nilidhani nimelijua jibu tangu katekisimu. Sasa naona kwamba kwa mtu wa Bukavu, jirani ni yule anayekaa chini yangu mlimani, nisiyemwona ninapotupa. Hayati Papa Fransisko, katika barua yake Laudato Si' ya mwaka 2015, hakuona haya kutaja mambo madogo kama kupunguza plastiki na kuzima taa isiyohitajiwa. Alituonyesha kwamba matendo kama hayo ya kila siku ni sehemu ya upendo, na kwamba wema wake huenea hata pale tusipouona.

Wanafunzi wenzangu, sisi tunapenda kusema juu ya nchi na juu ya wakubwa wake, na ni vema tuseme. Lakini siku moja baadhi yetu watakuwa wakubwa hao. Anayezoea leo kumtupia jirani yake wa chini uchafu wake, kesho akipewa cheo atafanya vivyo hivyo, na uchafu wake utakuwa mkubwa zaidi.

Labda mtaniuliza: je, taa zenu zimeacha kuzimika? Hapana. Magunia matatu hayawezi kuponya ziwa zima, na juzi usiku tumekaa tena gizani. Lakini safari hii sikumtukana mtu. Nilimfikiri yule mtu wa mashua, nikawasha mshumaa, nikaendelea na hesabu zangu.

Kwa herini mpaka juma lijalo. Mungu awabariki.

Ni mimi mwanafunzi wenu, Bukavu.