Mtumba usio na kadi

Najua nimepotea. Mitihani iliisha, nikadandia basi, na sasa niko nyumbani Nyasubi, Kahama, nakula michembe ya karanga na kulala mpaka saa 3 asubuhi. Nilipanga leo niandike kuhusu UE na nani kanusurika kudisko, lakini kuna jambo limetokea hapa nyumbani likanimaliza kabisa hamu ya udaku.

Juzi jioni mdogo wangu karudi na kiroba begani. Huyu ndiye yule aliyemaliza fomu foo, sasa hivi anashuka kwenye duara la mjomba wetu, huko kwenye machimbo ya wachimbaji wadogo. Akamwaga mzigo katikati ya sebule: mkanda wa usalama wa kuvaa mwilini, ule wenye mikanda ya mapajani na mabegani, na kamba ya naironi kama mita 40 hivi.

"Dada, cheki kifaa. Cha mgodini hiki, cha wazungu. Vyote elfu 45!"

Kweli macho yake yalikuwa yanang'aa. Siku zote huwa anashuka amekalia kijiti kilichofungwa kwenye kamba ya lori, zile za kufungia turubai wanazoziuza matingo wa malori ya Rwanda na Burundi. Sasa leo ana mkanda kama wa kwenye sinema.

Nikamuuliza maswali matatu. Umetengenezwa lini? Hajui. Kautumia nani na kwa muda gani? Hajui. Mwenyewe kauuza kwa nini? "Dada bwana, unauliza kama polisi." Nikaugeuza mkanda. Pale mgongoni panaposhonwa lebo yenye mwaka wa kutengenezwa na namba yake, palikuwa na nyuzi zinazoning'inia tu. Lebo ilikuwa imekatwa, tena kwa wembe, mkato umenyooka.

Hapo ndipo moyo wangu ulipofanya paa.

Ngoja niwaeleze kwa nini. Mnakumbuka mwaka jana nilienda harusi ya rafiki yetu Diani, pwani ya Kenya. Diani watalii wanaruka kutoka kwenye ndege na miavuli, wanashuka taratibu mpaka ufukweni. Wenzangu walikuwa wanapiga picha za wanaotua. Mimi, kwa huu umbea wangu wa kiinjinia, nikaenda kusimama karibu na jamaa aliyekuwa anakunja miavuli, nikaanza kumsumbua kwa maswali. Kijana mpole, akanijibu yote huku mikono inafanya kazi.

Kitu cha kwanza nilichojifunza: mtu haruki na mwavuli mmoja. Mgongoni ana miwili. Kuna ule mkubwa wa kila siku na kuna wa akiba. Ule wa kila siku unakunjwa kila baada ya kuruka: kamba zake nyembamba zinanyooshwa zisishikane, kitambaa kinapangwa kwa mikunjo, hewa inatolewa kwa kuulalia, halafu unaingia kwenye mfuko wake. Huu hata mrukaji mwenyewe, akishafundishwa, anaweza kuukunja.

Wa akiba ni habari nyingine. Haugusi mtu yeyote isipokuwa fundi mwenye leseni. Kule Marekani sheria inataka mwavuli wa akiba ufunguliwe, ukaguliwe na kukunjwa upya kila siku 180, hata kama haujawahi kutumika hata siku moja. Kabla ya mwisho wa mwaka 2008 zilikuwa siku 120. Fundi akimaliza anaufunga kwa uzi mwekundu na kuubana kwa lakiri ndogo ya risasi yenye alama yake, kusudi mtu akiuchokoa ijulikane. Halafu anajaza kadi: tarehe, namba ya mwavuli, kazi aliyoifanya, sahihi na namba ya leseni yake. Hiyo kadi inakaa na mwavuli popote uendapo.

Kitu cha pili ndicho kilichonishangaza zaidi. Nilidhani watu wa namna ile, wenye hela zao, wananunua vipya tupu. Wapi! Mitumba ya miavuli inauzwa sana, na wanaoanza wengi wananunua mitumba. Ila wananunua kwa masharti. Kwanza unasoma mwaka wa kutengenezwa na namba. Pili unauliza umerukiwa mara ngapi, maana kitambaa kinachakaa na kamba zinabadilika urefu kwa joto la msuguano, mwavuli ukaanza kufunguka vibaya. Tatu, kabla hujatoa hata senti, unaupeleka kwa fundi unayemwamini wewe, si fundi wa muuzaji, afungue na kukagua kila mshono. Muuzaji akikataa, unamwachia mali yake.

Halafu kuna kile kidude cha kufungua mwavuli wa akiba chenyewe mtu akizimia hewani. Kinachojulikana zaidi ni CYPRES cha kampuni ya Airtec ya Ujerumani, kilichoanza kuuzwa 1991. Kidude hicho kina tarehe ya kustaafu. Ikifika, kinatupwa, hata kama hakijawahi kufanya kazi na kinang'aa kama jana. Na pamoja na masharti yote hayo, bado ajali zipo. Septemba 2019 mtalii kutoka Kanada alifariki hapa kwetu Kilimanjaro baada ya mwavuli wake kushindwa kufunguka. Sasa fikiria mtu asiye na sharti hata moja.

Turudi sebuleni Nyasubi. Mtaniuliza mwavuli wa Diani unahusiana nini na duara la Kahama. Unahusiana kwa uzi wenyewe. Naironi ilitangazwa Marekani 1938, na vita vya pili vya dunia vilipokata hariri ya Japani, miavuli ikaanza kushonwa kwa naironi. Ni ndugu wa hiyo hiyo naironi ya kamba na ya mkanda aliokuja nao mdogo wangu. Na maadui zake ni wale wale. Jua linaila polepole. Tindikali ya betri inaila haraka, na huenda usione hata doa. Mchanga unaingia katikati ya nyuzi na kuzikata kwa ndani kama msumeno mdogo. Joto la msuguano linaiyeyusha. Sasa nionyesheni duara moja lisilokuwa na jua mdomoni, betri pembeni, vumbi la mawe kila mahali na kamba inayosuguana na gogo kutwa nzima. Hizi kamba za plastiki za bluu na kijani ndiyo usiseme, jua linazimaliza upesi zaidi.

Kwa hiyo mkanda "wa wazungu" ukiwa sokoni bila lebo, swali la kwanza linatakiwa liwe: kwa nini uko hapa? Vifaa vya namna hii vina umri. Watengenezaji wengi wa mikanda ya kitambaa wanaandika miaka 10 kuwa ndiyo mwisho, hata ukikaa kabatini. Kampuni inayofuata utaratibu inautoa kazini ukifika umri, au ukishamdaka mtu aliyeanguka, maana mkanda uliodaka mtu mara moja umemaliza kazi yake. Sisi tunaouokota nje ya geti tunauita imara. Si ajabu tumenunua maiti iliyovishwa suti.

Jana yake nilikwenda kumwona mjomba. Nikamwamkia, nikakaa kwenye kigoda, nikaeleza yote hayo kwa adabu zote. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka.

"Mpwa wangu, sisi tumeshuka na kamba za katani miaka ile, mbona hatukufa?"

Heshima kwa mjomba, lakini waliokufa hawapo hapa kubishana naye. Katani ilifika pwani ya Tanga 1893 na imefanya mengi mazuri nchi hii, ila ikilowa na kukauka, ikalowa tena, inaoza kwa ndani huku nje inaonekana nzima. Mjomba anawajua wenzake waliobaki. Hao ndio ushahidi wake, na ndiyo maana ushahidi wake unapendeza.

Mdogo wangu naye akaja na hoja yake: "Lakini dada, nimeijaribu. Nimeining'iniza viroba viwili vya mawe, haijatikisika." Hii hoja naijua, nimeisikia hata kwa watu wenye digrii. Viroba vinavyoning'inia vimetulia. Mtu anayeteleza mita moja tu kabla kamba haijakaza anaivuta kwa nguvu mara kadhaa ya uzito wake. Halafu ongeza fundo: fundo peke yake linaweza kuipunguzia kamba karibu nusu ya nguvu zake. Kamba iliyobeba viroba leo imekuambia habari za leo tu, na za viroba tu.

Hoja iliyonibana kweli ni ya tatu, na aliitoa mama, kwa upole, huku anapepeta mchele. "Mwanangu, kipya atanunua na nini?"

Hapo nilinyamaza. Ni kweli. Ni rahisi sana mimi ninayesubiri bumu kumwambia mtu anayegawana viroba vya mawe kwamba akanunue kipya. Ndiyo maana sisemi watu waache mitumba. Tungeacha mitumba Kahama tungetembea uchi. Buti la mtumba, nunua. Ovaroli, nunua. Sururu, nunua, ikikatika utacheka. Lakini kitu ambacho kikikatika mara moja hakikupi nafasi ya kurudi dukani, kinunue kwa kadi yake au usikinunue. Na helmeti ya bodaboda ni hivyo hivyo, maana hujui ilishapiga lami mara ngapi.

Hapa kwetu duara likititia nchi nzima inajua. Wote tunakumbuka wale wachimbaji 5 wa Nyangalata, hapa hapa Kahama, waliotolewa hai Novemba 2015 baada ya siku 41 chini ya ardhi. Lakini kamba haititii. Kamba inachukua mmoja, siku ya kawaida, na jioni watu wanasema "ndiyo kazi yetu" na kesho yake kipande kilichobaki kinaungwa fundo.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya, na sioni hata moja linalohitaji mfadhili.

Kwanza, kamba na mkanda viwe mali ya duara, visiwe mzigo wa kila kijana peke yake. Wanaoshuka kwa zamu wanaweza kutumia mkanda mmoja mpya. Gharama itoke kwenye mgao kabla watu hawajagawana, kama inavyotoka ya dizeli. Mbona dizeli haina mjadala?

Pili, daftari. Daftari la shule tu. Kamba imenunuliwa lini, mpya au mtumba, nani kaikagua leo asubuhi, kaona nini. Anayekagua aipitishe mkononi yote, mita kwa mita, akitafuta palipokuwa pagumu, palipolegea, palipoota manyoya. Kwenye mkanda aangalie nyuzi za kushonea, mara nyingi zina rangi tofauti kwa makusudi ili uone zikikatika. Kisha aandike jina lake. Mtu akiandika jina lake anaangalia vizuri zaidi.

Tatu, wenye kutupa wakate. Kampuni yoyote, kubwa au ndogo, ikistaafisha mkanda, iukate vipande kabla haujatoka getini. Mkanda mzima uliotupwa haufiki dampo, unafika sokoni.

Sasa mtataka kujua iliishaje. Usiku ule nilimwambia mdogo wangu anipe ule mkanda niukate. Akagoma. Elfu 45 ni jasho lake, na mimi si mama yake. Tulinuniana siku nzima. Kesho yake nikachukua akiba yangu ya nauli, nikamwekea mezani elfu 30, nikamwambia namnunua yeye, si mkanda. Akaiangalia ile hela muda mrefu. Halafu akaenda mwenyewe kuleta panga.

Mkanda sasa ni vipande. Kipande kimoja mama kamfungia mbuzi, na hata mbuzi namwonea huruma. Kamba ya mita 40 imekuwa ya kuanikia nguo. Mjomba hajakubali kununua mpya, anasema tuone mwezi ujao, ila daftari kalipokea. Mdogo wangu ananiambia limetundikwa kwenye msumari pale mdomoni mwa duara, na ukurasa wa kwanza una majina mawili. Mpaka mpya ipatikane amerudi kwenye kijiti na kamba ya lori, na mimi kila saa 10 jioni naangalia simu.

Sina nauli ya kurudi chuo, kwa hiyo mwenye kuguswa ajue pa kunipata. Alamsiki.