Sungura alidanganya, sasa mtoto tumwambie nini?

Ndugu zangu wa kambi, na nyinyi mnaokuja na magari asubuhi mkarudi Lilongwe jioni, leo nataka tuongee kidogo juu ya Sungura.

Kila Jumamosi nasimulia watoto hadithi hapa Katubza. Wanafika kama thelathini hivi, Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, na Wamalawi wachache wa vijiji vya jirani ambao wanakuja juu ya hadithi tu, maana biskuti hakuna. Kila mtu ana Sungura wake. Mnyarwanda anamwita Bakame, Mmalawi anamwita Kalulu. Fisi ni Fisi, kwa Kiswahili na kwa Kichewa, yeye hajabadilisha jina. Nikisema "Hadithi hadithi!" wengine wanajibu "Hadithi njoo!", wengine "Tilitonse!", basi tunaanza.

Mwisho wa kipindi kuna fomu. Inauliza: watoto wamejifunza tabia gani njema? Nafasi ya kujibu ni mstari mmoja. Mwaka mzima nimejaza ukweli, bidii, heshima, upendo, halafu narudi ukweli tena. Siku zingine nilijaza kabla sijasimulia. Mnisamehe, lakini ndivyo ilivyo.

Mwezi uliopita nilisimulia ile ya njaa. Mnaijua. Chakula kimeisha porini, Sungura na Fisi wanapatana kila mmoja amtoe mama yake waliwe. Mama wa Fisi analiwa wa kwanza. Zamu ya Sungura ikifika, kumbe mama yake amemficha pangoni, anakula kwake kila siku kwa siri, na Fisi anabaki hana mama, hana chakula. Watoto wakacheka sana. Nikafunga kama kawaida: tutumie akili, tusiwe wajinga kama Fisi.

Msichana mmoja akanyoosha mkono. Huyu aliishi Chilinde, pale Lilongwe, na Kichewa chake ni cha mwenyeji kabisa. Mwaka 2023 serikali ilipoamuru wakimbizi wanaoishi mjini warudi Dzaleka, familia yao ni kati ya waliorudishwa. Akasema: "Mwalimu, siku walipiga hodi, mama aliniambia niseme mimi ni mtoto wa jirani. Nikasema. Na mimi ni Sungura?"

Nikafungua mdomo niseme kudanganya ni vibaya, nikakwama. Juu mimi mwenyewe nilivuka mipaka miwili nikiwa mdogo kuliko yeye, na njiani baba alinikataza kutaja kijiji tulichotoka. Nilitii. Ndio maana niko hapa naandika.

Aliyeniokoa ni kijana wa miaka kumi hivi, mtundu, huwa nadhani hasikilizi. Akasema: "Sungura kumficha mama yake si kosa. Kosa lake alikula mama wa mwenzake." Wakaanza kubishana, lugha nne pamoja. Mmoja akasema Fisi naye alikubali, hakulazimishwa. Mwingine akaleta mambo ya hapa hapa: mtu akiongeza majina ya watoto asiokuwa nao ili apate chakula zaidi, huyo ni Sungura wa pangoni au Sungura wa kula? Mimi nikanyamaza. Fomu ile sikujaza kitu.

Kuna mwenzangu, ndugu ninayemheshimu, aliniambia niache hadithi za ujanja, nichukue vitabu vyenye maadili safi, kama Adili na Nduguze cha Shaaban Robert cha mwaka 1952. Hicho kitabu nakipenda. Lakini humo tabia ya mtu iko kwenye jina lake: mwema ni Adili, ndugu zake ni Hasidi na Mwivu. Hapa kwetu nani alifika na jina kama hilo? Na hata humo tulikwama. Ndugu wanageuzwa manyani, na Adili anaamriwa awapige kila usiku huku moyo unamuuma. Watoto waliuliza: kama anawapenda kwa nini anapiga? Baadhi yao wamepakana nyumba na watu ambao kule nyumbani walikuwa upande mwingine. Swali hilo si la kitabu tu.

Hata mahali tunapoishi pana funzo. Kabla ya kuwa kambi mwaka 1994, palikuwa gereza la wakati wa Kamuzu Banda, na jina Dzaleka wenyeji wanalieleza kama "nimeacha, sitarudia tena". Mtoto aliyezaliwa hapa anakua ndani ya jina la kuomba msamaha, na kosa lake hajaambiwa.

Sisemi watoto wafundishwe uongo. Nasema tukikimbilia lile neno moja la fomu, tunamwambia yule msichana kwamba mama yake ni mkosaji, na hatujamuuliza kitu. Nyinyi wa mashirika mnaosoma hapa, ombi langu ni dogo: ongezeni mistari kwenye fomu, na swali liwe watoto wameuliza nini.

Yule msichana sikumjibu mpaka leo. Nilimpa zamu. Jumamosi hii ndiye anasimulia ile ya njaa, kwa Kichewa, na amesema safari hii mama wa Fisi naye ataongea. Anayejua Kichewa vizuri aje atutafsirie, saa tatu asubuhi.